Mpeni Kiumbe Nafasi ya Kukataa

Barua ya wazi kwa wabunifu wa Pokémon katika Game Freak, na kwa wenzao wa Creatures, Nintendo na The Pokémon Company



Katika toleo la Yellow, lililotoka Japani mwezi Septemba 1998, mchezaji hupewa Pikachu asiyetaka kuingia ndani ya mpira wa kukamatia na kubebea viumbe. Humfuata nyuma barabarani, na mchezaji akigeuka kumtazama huona uso wake: saa hii kafurahi, saa nyingine kanuna. Baadaye mchezaji hupata jiwe la radi. Jiwe hilo lingemgeuza Pikachu mwingine yeyote papo hapo kuwa Raichu, mwenye nguvu zaidi. Akijaribu kumpa huyu wake, Pikachu anakataa. Hakuna kitufe cha kumlazimisha. Jiwe linabaki mkobani, na safari inaendelea na kiumbe aliyejiamulia mwenyewe mwili wake uweje.

Tangu wakati huo mmebuni viumbe hadi mkapita 1,000, na karibu wote hawana uwezo huo. Kiumbe anapoanza kubadilika umbo, mchezaji anaweza kubonyeza B na kumzuia. Imekuwa hivyo tangu Red na Green za Februari 1996. Mwenye mwili ndiye asiye na kitufe. Nawaandikia kuwaomba jambo moja tu: mpeni kiumbe nafasi ya kukataa, na mkishampa, acheni kukataa kwake kuwe na uzito ndani ya mchezo.

Niseme mapema kwamba mimi si mpinzani wa michezo yenu. Mwaka 2012 PETA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, lilitoa mchezo wa kuwakejeli, Pikachu akiwa na majeraha na damu. Kampeni ile ilikosa shabaha. Anayezicheza gemu zenu anajua kwamba hazikujengwa juu ya kufurahia damu. Satoshi Tajiri, aliyeanzisha Game Freak, alikulia Machida, nje kidogo ya Tokyo, akikusanya wadudu kwenye mashamba na madimbwi ambayo baadaye yalimezwa na majengo na barabara, na alitaka watoto wa mjini waonje ile raha ya kuinua jiwe na kukuta kitu chenye uhai. Aliamua pia kwamba kiumbe akiishiwa nguvu azimie, asife. Nauheshimu uamuzi huo. Mauti mliyaweka mahali pachache, kama ule mnara wa makaburi wa Lavender, ambako mzimu wa mama yake Cubone, aliyeuawa na genge la Team Rocket, haukamatiki hata kwa mpira ulio bora kuliko yote. Watu walioandika kisa kile wanajua kabisa kwamba kiumbe anaweza kuwa na jambo lake mwenyewe, lisilomhusu mkamataji.

Mdudu wa Tajiri hakuwa na uso. Ninyi mliwapa viumbe wenu uso, sauti, hofu, wivu na mapenzi, halafu mkamwambia mtoto kwamba hawa ni rafiki zake. Mkishalitamka hilo, hamwezi tena kujitetea kwamba ni wadudu ndani ya kopo.

Angalieni jinsi urafiki huo unavyoanza. Kiumbe yuko kwao, nyasini. Unamletea wako ampige, lakini asimpige mpaka azimie; unamwacha na uhai kidogo. Kisha unamtia sumu, unampoozesha, au, la kufaa kuliko yote, unamlaza usingizi au kumgandisha. Hapo unarusha mpira. Hesabu mliyoiweka chini yake iko wazi kwa kila mchezaji aliyezoea: kadiri kiumbe anavyozidi kuumia na kupotewa na fahamu, ndivyo mpira unavyozidi kushika. Mpira unatikisika, maana yake yumo ndani anajitahidi kutoka. Ukitulia, muziki wa furaha unalia na mchezaji anaulizwa kama angependa kumpa jina. Kwa maneno mengine, kupotewa na fahamu kumehesabiwa kuwa ndiyo kukubali. Sidhani kuna mmoja wenu aliyekaa mezani akakusudia maana hiyo. Ila ndiyo iliyomo, na mtoto huirudia mara mamia kabla hajamaliza gemu moja.

Sisemi kwamba anayeirudia atakuwa mkatili. Simjui mtoto aliyempiga paka wake kwa sababu ya Pokémon, na wengi nawajua waliopenda wanyama kwa sababu yake. Hoja yangu ni ukweli wa kisa chenyewe. Mnasimulia urafiki, na urafiki ambao upande mmoja hauwezi kusema hapana unakuwa jambo jingine, hata muziki wake uwe mtamu namna gani.

Mwaka 1999, katika Gold na Silver, mlimwekea kila kiumbe kipimo cha urafiki cha kuanzia 0 hadi 255. Akizimia vitani, kinashuka. Akitembezwa au akichanwa manyoya, kinapanda. Akinyweshwa zile dawa chungu za mitishamba zinazouzwa bei nafuu, anapona lakini urafiki unapungua, na hilo nimelipenda tangu siku ya kwanza nilipolitambua, kwa sababu mtoto anajifunza bila kuhubiriwa kwamba akiba yake imelipiwa na ulimi wa mwingine. Golbat akikupenda vya kutosha huwa Crobat. Eevee akikupenda huwa Espeon mchana na Umbreon usiku. Ni ubunifu wa hali ya juu.

Lakini kipimo hicho kinafanya kazi gani hasa? Kikipanda, kiumbe anapigana vizuri zaidi. Katika X na Y za 2013, kiumbe anayebembelezwa sana hukwepa mapigo, hujitoa sumu mwenyewe, na hujikaza abaki na chembe ya mwisho ya uhai ili asimhuzunishe mlezi wake. Je, kikishuka mpaka 0? Bado akiitwa anaingia ulingoni. Hata chuki yake mliipa kazi: mliweka pigo liitwalo Frustration, linalozidi kuwa kali kadiri kiumbe anavyozidi kukuchukia, na wako wachezaji waliomnywesha kiumbe dawa chungu moja baada ya nyingine, kwa makusudi, ili wainoe chuki hiyo. Kiumbe mwenye chuki ya kiwango cha mwisho alimpigania mtu anayemchukia kwa nguvu za kiwango cha mwisho. Tangu Sword na Shield za 2019 pigo hilo halitumiki tena vitani, na mlifanya vyema. Kanuni iliyolizaa bado ipo: hisia za kiumbe zinaweza kubadilisha kila kitu isipokuwa utii wake.

Mtasema viumbe wenu hukaidi. Ni kweli. Tangu mwanzo, kiumbe uliyebadilishana na mwenzako, ambaye kiwango chake kimezidi beji ulizonazo, analala katikati ya pambano, anakupa kisogo, anafanya analotaka. Na mkaidi huyo anatulizwa na nini? Beji. Unakwenda mji mwingine kabisa, unamshinda kiongozi wa ukumbi, unavishwa kipande cha chuma, na kiumbe ambaye hujawahi kumlisha wala kumgusa anaanza kutii. Hapo mlikuwa mmeshika kitu adimu, kiumbe mwenye msimamo, mkakifanya kuwa suala la cheo cha binadamu.

Linganisheni na mchezo wa wanyama halisi. Kakamega, magharibi mwa Kenya, Waisukha na Waidakho hupiganisha mafahali mbele ya umati wenye ngoma za isukuti. Maumivu yapo katika mchezo ule, na wanaoupinga wana hoja nzito. Hata hivyo una kanuni moja ambayo mwenye fahali hana namna ya kuifuta: fahali akigeuka akakimbia, pambano limekwisha. Mnyama mwenyewe ndiye anayelimaliza. Katika ulingo wenu, kiumbe wa mwituni anaweza kutoroka, na Abra amewatoroka wengi wetu. Akishakuwa wa mtu, mlango huo unafungwa. Hata pale mchezaji anaporuhusiwa kusalimu amri, mwamuzi ni yeye. Aliye ulingoni haulizwi.

Mwaka 2010 mlijiuliza swali hili wenyewe. Black na White zilituletea N, kijana aliyelelewa na viumbe waliodhulumiwa na watu, mwenye kipaji cha kusikia wanachosema, anayetaka wote waachiwe huru. Nilipofika katika chumba chake cha utotoni ndani ya ngome yake, chenye treni za kuchezea na goli la mpira wa kikapu, nilikaa pale bila kubonyeza kitu. Mlikuwa mmemwandikia swali hili mtu anayestahili kulibeba. Kisha nyuma yake mkamweka Ghetsis, aliyemlea kwa hila ili watu wote wengine wawaachie viumbe wao, abaki nao yeye peke yake atawale. Uongo wa Ghetsis ulipofichuka, swali la N liliondolewa mezani pamoja nao. Lakini swali la kweli halifutiki kwa sababu limepita kinywani mwa mwongo.

Mwishoni N anamwambia mchezaji kwamba siku ya kwanza walipokutana alishtuka, kwa sababu alimsikia kiumbe wa mchezaji akisema anampenda na anataka kuwa naye. Hilo ndilo jibu lenu lote, na N analitoa vilevile kwa kila mchezaji. Analitoa kwa aliyembeba mwenzake kwa upole safari nzima, na kwa aliyemfungia katika sanduku la kuhifadhia viumbe baada ya saa moja asimtazame tena. Kipimo cha urafiki mlikuwa nacho tayari, na hamkukiuliza. Wakati ule N angeweza kusema jambo tofauti kwa wachezaji tofauti, na baadhi yetu tungesikia kwamba tuliyekuwa naye alitamani kwenda zake. Sijui gemu nyingine ambayo ingekuwa na ujasiri wa namna hiyo.

Nina mpwa wangu, binti wa darasa la saba, anayecheza Scarlet. Gemu zenu hazijawahi kutoka kwa Kiswahili, kwa hiyo husoma Kiingereza cha kwenye kioo na kunisimulia kwa lugha yetu. Kwa siku kadhaa hakuzungumzia kitu kingine ila Mabosstiff, yule mbwa mgonjwa wa kijana aitwaye Arven, na mimea ya kumtibia iliyofichwa mapangoni. Alipomwona mbwa amefumbua macho, alinililia begani. Likizo iliyofuata nikamkuta anaangua mayai. Kapu liko kando ya meza ya pikiniki, anayachukua, anazunguka mpaka yaanguliwe, anafungua ule mchoro wa pembe sita unaopima kila kiumbe alivyozaliwa, anatazama, anabonyeza.

“Mjomba, huyu hafai.”

“Ana nini?”

“Spidi yake mbovu.”

“Sasa anakwenda wapi?”

“Naachia tu. Wako wengi.”

Alikuwa ameangua na kuachia vichanga wasio na dakika tano duniani, na kila mmoja mchezo ulimwaga kwa sentensi ileile fupi ya kwaheri. Sikumkaripia, maana hakukosa. Binti ni yuleyule na gemu ni ileile. Kisa kilimfundisha kumhangaikia mbwa mmoja asiye na faida yoyote kwake vitani. Kapu likamfundisha kwamba kuna wanaozaliwa hawafai. Tangu Gold na Silver, kuzalisha na kuchambua kumekuwa njia ya mashindano, na kwa miaka mingi mchezaji makini karibu hakuwa na nyingine. Mwaka 2016, katika Sun na Moon, mlileta mafunzo yanayomwezesha kiumbe wa kawaida kufikia kiwango cha aliyezaliwa na bahati, na Scarlet na Violet zikalegeza zaidi masharti yake. Hatua ile ilipunguza utupaji kuliko hotuba yoyote, na ndiyo inayonifanya niamini kwamba barua hii si kazi bure. Mkibadilisha hesabu, mwenendo unabadilika.

Kwamba haya yanawezekana, wenzenu walishaonyesha kabla yenu. Dragon Quest V ya Septemba 1992 ina viumbe wanaojiunga na mchezaji, na namna yake ni hii: pambano linakwisha, aliyeshindwa anainuka, anakutazama, na inaonekana anataka kuandamana nawe. Unamkubali au humkubali. Yeye ndiye aliyeanza. Humo pia mna mtoto wa chui aliyeokolewa kutoka mikononi mwa watoto waliokuwa wakimtesa. Anatenganishwa na mchezaji kwa miaka, na anapokutana naye tena akiwa mnyama mkali, anamtambua kwa utepe wa Bianca, rafiki yao wa utotoni. Katika michezo ya Megami Tensei, ambayo mizizi yake ni ya 1987, unazungumza na majini ana kwa ana. Wanadai pesa, wanakuuliza maswali, wanakasirika, na pengine wanachukua ulichowapa na kuondoka zao. Monster Rancher ya 1997 ilimpa mnyama umri wa kuishi, na ukimfanyisha kazi kupita kiasi umri huo unafupika. Hakuna kati ya hizo iliyokosa wapenzi.

Halafu ikaja Palworld, Januari 2024, iliyouza nakala zaidi ya milioni tano ndani ya siku tatu. Humo viumbe wanaofanana sana na wa kwenu wanafanyishwa kazi viwandani, wanachinjwa, na hata binadamu anaweza kukamatwa kwa tufe kama wao. Nintendo na The Pokémon Company walikwenda mahakamani Tokyo mwezi Septemba mwaka huohuo, kwa madai ya hataza, na hayo nawaachia wanasheria. Lakini watu wengi waliiona Palworld na kusema kwamba ni Pokémon iliyovuliwa adabu. Iliniuma kusikia hivyo, na iliniuma zaidi nilipogundua kwamba kwa jambo moja imewazidi: mnyama wao akichoshwa anapata vidonda vya tumbo, anaingiwa na huzuni, anaacha kazi na kuzurura. Mateso yake yanaonekana na yanamgharimu mwenye kiwanda. Wa kwenu, mwenye urafiki wa 0, anatabasamu na kuingia ulingoni.

Jibu la Palworld haliko mahakamani. Liko kwenye meza zenu za kazi, na vipande vyake mnavyo. Mwaka 2018, katika Let's Go, mliondoa kipigo kabla ya kukamata, kwa viumbe karibu wote wa mwituni, na kuweka matunda mahali pake. Mwaka 2022, katika Legends: Arceus, mlitufundisha kunyata na kutega chakula. Na mwishoni mwa mwaka huohuo mlituletea Koraidon na Miraidon wa Scarlet na Violet, kila mmoja katika toleo lake. Anakufuata kwa sababu ya mkate uliomgawia. Anakubeba mlimani na majini. Ila hapigani, kwa sababu umbo lake la vita limempotea, na gemu nzima jina lake limekaa pembeni, halichaguliki. Hakuna mchezaji aliyemwona hana thamani. Siku anapolirejesha umbo lile kule Area Zero, mwishoni mwa kisa, anafanya hivyo mwenyewe ili awalinde wenzake, na nadhani hakuna pambano mlilolitengeneza lililobeba hisia kuliko hilo. Lilibeba hisia kwa sababu kwa saa nyingi tuliona kwamba angeweza asipigane.

Basi wagawieni wengine uwezo huo. Kiumbe wa mwituni aliyelishwa na kuvumiliwa aweze kukufuata bila kupigwa, na aliyepigwa hovyo akatae mpira hata akiwa na chembe moja ya uhai. Anayezimishwa kila siku agome kutoka, na asilainishwe kwa beji bali kwa kuachwa apumzike. Urafiki ukifika 0 aweze kuondoka. Aliyeko sandukuni, katika yale masanduku 32 yenye nafasi 30 kila moja, aweze siku moja kuomba atolewe. Na jiwe la kumbadilisha umbo lisifanye kazi kabla hajaulizwa.

Najua mtakalolihofia: mtoto atalia kiumbe akimwondokea, na mzazi ataandika malalamiko. Watoto wa 1996 walipokea vifo vya Tamagotchi. Watoto wa 1997 walimwona Satoshi, mhusika mkuu wa katuni ya Pokémon, akimwacha Butterfree aende na wenzake ng'ambo ya bahari, wakalia, na leo ni watu wazima wanaokisimulia kisa hicho kwa mapenzi. Mtoto anavumilia kuagwa. Hajapewa tu nafasi ya kuagwa kwa sababu ya alivyotenda.

Kama yote haya ni mengi kwa toleo moja, anzeni na meza ya mwanzo, pale mtoto anapowekewa viumbe watatu na kuambiwa achague. Mwacheni asimame. Mpeni dakika chache za kukaa nao, kuwalisha, kucheza nao, kuwaacha walale. Kisha mmoja wao amwendee. Atakayemtamani wa moto akafuatwa na wa maji atanung'unika kidogo, na mashabiki wa muda mrefu, mimi nikiwemo, tutabishana usiku kucha. Lakini tangu hatua ya kwanza nje ya mlango wa nyumbani kwao, mtoto huyo atajua kwamba anayetembea naye alikuja kwa hiari yake, na atakuwa na gemu nzima mbele yake ya kumpa sababu ya kubaki.

Wenu,
Mchezaji wenu wa Tanga